Habari za Mtaa wa Biryogo na Kazi za Majirani

Wazee wetu wa Biryogo hawakutuachia vitabu. Walituachia msikiti, vyuo vya Kurani, njia nyembamba zinazoteremka mlimani, na desturi ya kugonga mlango wa jirani pasipo kungoja kualikwa. Kwa hiyo mtu atakaye kuandika habari za mtaa huu hana budi kuzisoma kazi za mikono yao. Maana maandiko ni machache, na mengi katika hayo yaliandikwa na watu waliotutazama kwa mbali, tena kwa mashaka.

Niliombwa na wenzangu wa halmashauri nieleze maendeleo ya mtaa: mifereji, taa za barabarani, usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi na mengineyo ya namna hiyo. Nitayaeleza. Lakini mfereji hauelezeki pasipo kujua ni nani aliyekaa kando yake, na alikaa hapo kwa ruhusa ya nani. Basi yanipasa nianze mbali kidogo, na msomaji kijana anivumilie.

Mji wa Kigali ni mchanga kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka wa 1907 Dokta Richard Kandt, Mjerumani aliyekuwa mwakilishi wa kwanza wa Serikali ya Kijerumani katika Rwanda, alichagua kilima cha Nyarugenge kuwa mahali pa kazi yake. Nyumba inayokumbukwa kwa jina lake ingaliko hata leo, nayo ni makumbusho. Zamani wafalme wa Rwanda hawakupenda misafara ya pwani ipenye nchini mwao, na wafanya biashara Waislamu walikuwa wakiishia mipakani. Utawala wa Kijerumani ulipokuja, pamoja nao walikuja askari, makarani, wakalimani, wapagazi na wachuuzi, wengi wao wakitoka pwani ya Tanganyika, na Tabora, na Ujiji. Walileta nguo na shanga na chumvi, wakachukua ngozi. Walileta pia lugha ya Kiswahili, ambayo ndiyo iliyokuwa lugha ya kazi ya Serikali ile, na walileta dini yao. Mwaka wa 1913, kama ilivyopokewa, ulijengwa Masjid al-Fatah, msikiti wa kwanza katika mji huu. Hivyo msikiti wetu ni mdogo kwa miaka sita tu kuliko mji wenyewe, na mtu anayetwambia kuwa sisi ni wageni wa Kigali na aifanye hesabu hiyo.

Mwaka wa 1916 Wabelgiji waliwatoa Wajerumani, na mambo yakageuka. Serikali mpya ilikiona Kiswahili kuwa lugha ya adui aliyeshindwa na lugha ya Uislamu kwa pamoja. Na mapadri, ambao walikuwa wamefika Save tangu mwaka wa 1900, walikabidhiwa kazi ya shule karibu yote. Katika miaka ya 1920 Waislamu wa Kigali walikusanywa mahali pao peke yao, upande wa Nyamirambo, palipoitwa kambi ya Waswahili. Namna hiyo hiyo ilifanywa Ngoma katika mji wa Butare, na mahali pengine penye wachuuzi. Na ndugu zetu wa Buyenzi, katika mji wa Bujumbura, wanayo hadithi inayofanana na yetu kama pacha.

Ni vema tueleze kambi hiyo ilikuwaje, kwa sababu vijana hulisikia neno lenyewe na kudhani ni mahali pa askari. Kambi ilikuwa mtaa wa nyumba za udongo, wenye mpaka. Mkaaji wake alihitaji kibali ili akae, na alihitaji kibali ili atoke kwenda kuzuru mahali pengine. Na Mnyarwanda wa mashambani hakuwa na ruhusa ya kuingia na kukaa apendavyo. Aliyesilimu alikuwa kama aliyehama nchi yake bila kuvuka mpaka wowote. Baba yake na babu yake huenda walizaliwa mlima wa jirani, wakalima shamba linaloonekana kwa macho kutoka Biryogo. Lakini siku alipotamka shahada na kuvaa kanzu, watu walimwita Mswahili, yaani mgeni. Hata leo katika Kinyarwanda neno hilo, Umuswahili, laweza kumaanisha Mwislamu wa kabila lolote, na wakati mwingine husemwa kwa maana ya mtu mjanja, mpiga domo, asiyeaminika katika biashara. Sisi tumelizoea kiasi cha kucheka tunapoitwa. Lakini si kila mtu aliyelitumia alikuwa akitania.

Jambo la shule lilikuwa chungu zaidi. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma na kuandika alipaswa kwenda shule ya misheni, na huko njia ya kawaida ilikuwa ubatizo. Wazazi wengi waliona ni heri mtoto akose cheti kuliko apotee dini. Matokeo yake ni kwamba kizazi baada ya kizazi watu wetu walikuwa madereva, makanika, mafundi cherehani, wachinjaji, wapishi na wachuuzi, lakini karani akawa adimu na daktari hakuonekana kabisa. Shule ya Intwari, iliyofunguliwa kwa ajili ya watoto wa mtaa huu katika miaka ya 1950, ilikuja wakati babu zao wamekwisha kupita katika ujinga ambao hawakuuchagua.

Sasa, watu waliofungiwa pamoja namna hii wangeweza kuchukiana. Yametokea hivyo mahali pengi duniani. Humu walikuwamo Wamanyema na Wanyamwezi, watu wa pwani, Waganda, Wahindi wachache, na Wanyarwanda wa kila namna, Wahutu na Watutsi, ambao dini ndiyo iliyowaingiza kambini. Hapana mkubwa aliyewapa chakula wala aliyewazikia maiti wao. Aliyefiwa alizikiwa na majirani, maana kuosha maiti na kuchimba kaburi ni faradhi ya jamii, na kila nyumba ilitoa mtu. Aliyeoza aliazima masufuria ya watu wote. Ukuta ulipoanguka kwa mvua, udongo ulikandwa na wale waliokuwapo. Na kwa kuwa nyumba zilishikamana, mume Mhutu na mke Mtutsi, au kinyume chake, hawakuwa jambo la kushangaza mtu. Wabelgiji walipoandika kabila la kila mtu katika vitambulisho katika miaka ya 1930, watu wa kambini nao waliandikwa kama wengine; lakini katika mambo ya kila siku jina la Mswahili lilikwisha yafunika hayo mengine. Serikali ilijenga ua ili iwatenge na nchi, kumbe ndani ya ua ule ilikuwa ikiumba jambo ambalo haikulikusudia.

Yafaa hapa nieleze habari ya kazi za pamoja katika Rwanda yote, kwa sababu watu huchanganya mambo mawili. Tangu zamani Wanyarwanda walikuwa na desturi ya kusaidiana kulima na kujenga. Kulima pamoja kuliitwa ubudehe. Na neno umuganda lahusiana na miti ya kujengea nyumba, ile ambayo jirani humletea jirani. Hiyo ilikuwa kazi ya hiari: leo kwangu, kesho kwako, na jioni pombe ya ndizi kwa wanaokunywa. Lakini ilikuwapo kazi nyingine, iliyoitwa uburetwa, ambayo mtu alimfanyia chifu wake siku kadhaa za juma bila malipo. Na Wabelgiji waliizidisha, wakaongeza na kazi zao wenyewe za barabara na mashamba ya lazima, tena kwa kiboko. Uburetwa ulifutwa mwaka wa 1949. Katika kazi hizi mbili jembe ni lile lile, na jasho ni lile lile. Tofauti ni nani aliyesimama juu ya nani.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu ndilo litakalorudi mbele.

Miaka ya uhuru haikuwa ya sherehe tupu kwa Waislamu. Katika machafuko yaliyotangulia uhuru, mwaka wa 1960, mtaa wa Waislamu na msikiti huko Rwamagana vilitiwa moto, na watu wengi walikimbilia nchi jirani. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai, 1962. Kigali, ambayo ilikuwa na watu wapatao 6,000 tu, ikafanywa mji mkuu. Mwaka wa 1964 kikaundwa chama cha Waislamu wa nchi nzima, Association des Musulmans au Rwanda, kilichojulikana kwa kifupi kama AMUR, ambacho siku hizi huitwa Rwanda Muslim Community. Wenzetu wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa na East African Muslim Welfare Society tangu mwaka wa 1945, na kwa fedha zake shule na misikiti mingi ilijengwa. Sisi tulichelewa. Lakini kwa mara ya kwanza Mwislamu wa Rwanda aliweza kuandika barua kwa Serikali yenye mhuri, badala ya kwenda kuomba kibali akiwa na kofia mkononi.

Baada ya hapo ulikuja msaada wa nchi za Kiarabu. Libya ilisaidia kujenga Kituo cha Utamaduni wa Kiislamu pale Nyamirambo, chenye msikiti mkubwa na shule ya sekondari ya sayansi, na vijana waliokosa nafasi mahali pengine wakasoma humo, Waislamu na Wakristo. Sitarefusha hapa. Majengo yale yanajionyesha yenyewe kwa kila apitaye.

Mwaka wa 1974 Serikali ya Rais Juvénal Habyarimana iliichukua ile desturi ya umuganda ikaifanya kuwa amri. Barabara zilichimbwa, matuta ya kuzuia mmomonyoko yalitengenezwa, miti ilipandwa. Hatuwezi kusema kuwa kazi hizo hazikuwa na faida. Milima yetu ni mikali, na asiyezuia udongo hula mawe. Lakini kazi ya hiari ilikwisha geuka kuwa kazi ya hesabu. Kiongozi wa chama aliandika nani amekuja na nani hakuja, na watu wakazoea kutoka nyumbani na mapanga na majembe waambiwapo, waelekee waambiwako.

Tarehe 6 Aprili, 1994, usiku, ndege ya Rais ilidunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Yaliyofuata kwa muda wa siku mia moja hivi yanajulikana ulimwenguni. Serikali ya Rwanda yahesabu Watutsi waliouawa kuwa zaidi ya milioni 1, na pamoja nao waliuawa Wahutu waliokataa mauaji. Nataka kutaja jambo moja tu linalohusu habari yetu. Wauaji waliyaita mauaji kazi. Waliambiana waende kufanya kazi, wasafishe vichaka, waondoe magugu, na ng'ombe asiye na pembe alijua maana yake. Watu wa mtaa waliitwa watoke na vyombo vyao, kama Jumamosi ya kupalilia, na vizuizi vya barabarani viliwekewa zamu kama zamu za usafi. Hivyo ndivyo neno jema la wazee lilivyotiwa damu. Panga lililokata majani lilikuwa mkononi mwa mtu yule yule, na aliyeliita zamu alikuwa mkubwa yule yule.

Katika siku hizo Biryogo na Nyamirambo zilikuwa na vizuizi kama mitaa mingine. Watu walikimbilia misikitini, wakashambuliwa humo, na wengi waliuawa. Haifai kusema kwamba kuta za misikiti ziliwakinga wote. Haifai pia kusema kwamba Waislamu wote walikuwa safi. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililoeneza chuki, alikuwa Mwislamu. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mwaka wa 2003, na katika rufani ya mwaka wa 2007 kifungo chake kikawa miaka 35. Tukimficha huyu, basi na wale wema tutakaowataja hawataaminika.

Lakini ni kweli, na imeandikwa na watu ambao hawakuwa na sababu ya kutusifu, kwamba mtaa huu uliwaficha watu kwa wingi uliowashangaza wachunguzi. Yahaya Nsengiyumva wa Nyamirambo aliwaficha watu zaidi ya 30, na habari zake zimewekwa katika jumba la ukumbusho la Gisozi. Huko Mabare, upande wa Rwamagana, Waislamu walikusanyika msikitini pamoja na Watutsi waliowakimbilia, wakapigana na wanamgambo kwa mawe na silaha duni, na wengi wao walikufa hapo. Wala haikuwa kazi ya Waislamu peke yao. Hapa hapa Nyamirambo, Damas Gisimba, Mkristo, aliwahifadhi watu wapatao 400 katika nyumba ya mayatima iliyoachwa na wazazi wake, na alipofariki mwaka wa 2023 Waislamu na Wakristo walimlilia pamoja.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Wengine husema ni mafundisho. Ni kweli kwamba kabla ya mauaji viongozi wa Waislamu walionya misikitini kuhusu siasa ya kabila, na wengi waliusikia wito huo. Lakini mimi naona kwamba mafundisho peke yake hayatoshi, maana hata makanisani yalifundishwa mapenzi ya jirani. Katika Biryogo mtu aliyeambiwa amtoe jirani yake aliambiwa amtoe aliyemwoshea mama yake maiti. Kila nyumba ilijua dari ya nyumba ya pili, na choo chake, na nafasi iliyo nyuma ya jiko, kwa sababu kila nyumba ilikuwa imesaidiwa kujengwa na ile ya pili. Mtu wa nje hakuweza kupekua mtaa ule bila mtu wa ndani kumwonyesha. Wapo waliowaonyesha. Lakini wengi walikataa, na baadhi yao walilipia.

Baada ya vita Wanyarwanda wengi walisilimu, na magazeti ya ng'ambo yaliandika kwamba Waislamu sasa ni zaidi ya watu kumi katika kila mia. Tusijidanganye kwa magazeti. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2022 ilipata wakaaji 13,246,394 katika Rwanda, na Waislamu ni karibu 2 kwa mia. Tu wachache, kama tulivyokuwa.

Neno umuganda lilirudi rasmi mwaka wa 1998, miaka minne tu baada ya mauaji, na sheria yake ikatungwa mwaka wa 2007. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tangu saa mbili asubuhi hadi saa tano, kila mkaaji mwenye nguvu, wa umri wa miaka 18 hadi 65, hutoka kufanya kazi ya mtaa wake. Baadaye hufanywa mkutano wa umudugudu, ambamo matatizo ya mtaa huzungumzwa. Asiyetoka bila sababu aweza kutozwa faini isiyozidi faranga 5,000. Wageni wausifu mji wetu kwa usafi, na mwaka wa 2008 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi liliitunukia Kigali heshima kwa ajili hiyo. Mwaka huo huo mifuko ya plastiki ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku, na jambo hilo lilisaidia sana mifereji.

Lakini si rahisi kwa mtu aliyeyaona ya 1994 kusikia kipaza sauti kikiita watu watoke na mapanga. Nawajua wazee ambao katika miaka ile ya kwanza walisikia baridi mwilini kila Jumamosi hiyo ilipofika. Kilichowarudisha barabarani hakikuwa faini. Kazi za kwanza zilikuwa nyumba za wajane na mayatima: kukanda udongo, kupandisha bati, kuchimba choo. Ilikuwa tena ile miti ya kumletea jirani. Mtu aliona kwa macho yake nani anajengewa, na anajengewa na nani, na mara nyingine wanaojenga walikuwa jamaa za waliobomoa. Mufti Saleh Habimana alisema hadharani katika miaka ile kwamba jihadi iliyowapasa Waislamu wa Rwanda ni ya kuponya nyoyo na kuheshimiana. Wapo waliodhani ni maneno ya kuwafurahisha wageni. Sisi tuliokuwa tukibeba matofali tuliyaelewa vizuri.

Nafika sasa kwenye mambo ya karibu. Mwaka wa 2008 mtaa wa Kiyovu ya chini, ambao watu waliuita Kiyovu ya maskini, ulibomolewa ili ardhi yake itumike kwa majengo ya kisasa. Ulikuwa karibu nasi kiasi kwamba wengi wetu tulikuwa na jamaa huko. Baadhi ya wakaaji walihamishiwa Batsinda, mbali na soko na mbali na kazi zao. Nyumba walizopewa zilikuwa bora kwa ukuta na bati, sikatai. Lakini mwanamke aliyekuwa akiuza chapati mlangoni pake hakuwa na wa kumwuzia, na majirani wa miaka arobaini walitawanyika. Tangu siku ile kila mtu wa Biryogo aliyeona mpimaji na kamba yake alijiuliza kama zamu yetu imefika. Mtaa ulio mlango wa mji, wenye nyumba za zamani na ardhi ya thamani, hauwezi kulala usingizi mzito.

Ndiyo maana mradi wa kutengeneza mtaa pale pale ulipo, ulioidhinishwa mwaka wa 2016 kwa fedha za Benki ya Dunia, ulikuwa habari kubwa kwetu kuliko lami yenyewe. Mradi huo, unaojulikana kwa jina la Agatare, ulihusu sehemu nne za Nyarugenge zilizopakana: Agatare, Biryogo, Kiyovu na Rwampara, eneo la zaidi ya hektari 80. Barabara za ndani zilipanuliwa na kutandikwa, njia za miguu zikapigwa ngazi, mifereji ya mawe ikajengwa kupokea maji ya mlima, na taa zikasimamishwa. Wachache walipoteza vyumba au sehemu ya ua, wakalipwa fidia, na manung'uniko juu ya fidia yalikuwapo. Nani aliyewahi kuridhika na fidia? Lakini wengi walibaki katika nyumba zao, na watoto wanasoma usiku nje ya mlango chini ya taa.

Katika mambo hayo mikutano ya mtaa ilifanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mhandisi alileta ramani; mtaa ulijua maji hupita wapi usiku wa Aprili. Mfereji ukijengwa mahali pasipo maji ni ukuta tu. Wazee waliokaa hapa tangu utoto walionyesha mkondo wa zamani ulio chini ya nyumba, na akina mama, ambao ndio wanaofagia matope asubuhi, ndio waliojua kila pembe inayoziba. Naomba isisahauliwe kuwa wanawake wa Nyamirambo walikuwa wamekwisha jipanga kabla ya mradi wowote: mwaka wa 2007 wanawake 18 walianzisha Nyamirambo Women's Center, wakifundishana kusoma, kushona na kujitegemea, na baadaye wakawa wakiwatembeza wageni mtaani na kuwaeleza habari zake kwa vinywa vyao wenyewe. Mambo mengi ambayo wanaume tulikuwa tukiyapangia mikutano, wao walikuwa wamekwisha yatenda.

Mwaka wa 2021, wakati wa maradhi ya korona, ilipokuwa haifai watu kusongamana ndani ya mikahawa, baadhi ya njia za Biryogo zilifungwa kwa magari, zikapakwa rangi, na meza zikatolewa nje. Mwanzoni wenye maduka walilalamika kwamba mizigo haitafika. Kisha watu wa mji mzima walianza kuja jioni kunywa chai ya tangawizi na kula mishikaki na chapati, na malalamiko yakapoa pamoja na chai. Mahali ambapo zamani Mnyarwanda hakuwa na ruhusa ya kuingia na kukaa apendavyo, sasa huja kwa hiari yake, hukaa, hulipa, na huagiza tena. Na tangu mwaka wa 2017 Kiswahili, lugha iliyotufanya tuitwe wageni, ni mojawapo ya lugha rasmi za nchi. Mzee mmoja aliposikia habari hiyo aliuliza kama atarudishiwa gharama za vibali vya baba yake.

Swali lake ndilo linalonifikisha kwenye ombi la halmashauri. Vibali hivyo bado vimo katika masanduku ya baadhi ya nyumba, pamoja na kadi za zamani za AMUR, picha za ujenzi, daftari za michango ya mazishi na barua za shule. Kila nyumba ya udongo inapobomolewa kujengwa ya matofali, sanduku moja hupotea au huliwa na mchwa. Kila mwenye karatasi ya namna hiyo anaombwa ailete baada ya swala ya Ijumaa, au baada ya mkutano wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Itapigwa picha mbele ya macho yake na kurudishwa mkononi mwake siku hiyo hiyo. Wenye wazee wasioweza kutembea na waseme, nasi tutakwenda kuwasikiliza nyumbani kwao.